Maktaba ya Picha Mtandaoni kama Zana ya Kufundishia Viumbe: Mfano wa Handeni na Korogwe

Utangulizi

Kanuni ya kwanza ambayo mwanachuo wa ualimu hufundishwa ni kwamba somo lianze na kile mtoto akijuacho, kisha limwongoze polepole hadi kile asichokijua. Kanuni hii ni nyepesi kuikariri, lakini si nyepesi kuitimiza. Mkaguzi wa mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Handeni na Korogwe hukutana mara nyingi na chati za wanyama zilizochorwa kwa kuiga vitabu: simba, twiga, tembo na pundamilia, wote wamepangwa katika mstari mmoja. Mtoto wa Sindeni au wa Bungu huyataja majina hayo kwa sauti kubwa, ingawa huenda hajawahi kumwona hata mmoja wa wanyama hao. Wakati huohuo mbega anayeruka juu ya miti ya Bungu, au kenge apitaye kando ya kisima huko Sindeni, hana nafasi katika chati ile.

Makala haya yanakusudia kueleza zana moja iliyo karibu nasi, nayo ni maktaba ya picha iliyopo katika intaneti. Tutaeleza maana yake, namna ya kuitumia darasani, namna ambavyo mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kuichangia, na tahadhari ambazo hazina budi kuzingatiwa. Mifano yetu tumeichukua Handeni na Korogwe, lakini mwalimu wa mahali pengine ataweza kuibadili ili ilingane na mazingira yake.

Maana ya maktaba ya picha mtandaoni

Wazo la kutumia picha katika kufundisha si geni. Mwaka 1658 mwalimu Comenius alichapisha huko Nuremberg kitabu kiitwacho Orbis Sensualium Pictus, ambamo kila somo liliambatana na mchoro wa vitu vilivyotajwa. Wazo la kukusanya na kupanga viumbe ili watu wengine wajifunze nalo si geni kwetu. Katika Usambara Mashariki, jirani na Korogwe, taasisi ya Kijerumani ya Amani ilianzishwa mwaka 1902, na watalaamu wake walikusanya mimea, wakaikausha na kuibandika juu ya karatasi pamoja na jina, tarehe na mahali ilipochumwa. Karatasi yenye mmea bila maelezo hayo haikuwa na thamani kubwa. Jambo hili tulikumbuke, kwani ndilo kiini cha somo letu.

Maktaba ya picha mtandaoni hufanya kazi hiyohiyo kwa kutumia picha badala ya mimea mikavu. Zipo nyingi, lakini mbili zinamfaa zaidi mwalimu.

Ya kwanza ni Wikimedia Commons, iliyoanzishwa mwezi Septemba 2004. Hii ni hazina ya picha, michoro, sauti na filamu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia bila malipo, mradi atimize masharti ya leseni. Mafaili yaliyomo yamezidi milioni 100. Picha zionekanazo katika Wikipedia ya Kiswahili nyingi zatoka humo.

Ya pili ni iNaturalist. Hii ilianza mwaka 2008 kama kazi ya mwisho ya masomo ya wanafunzi watatu wa chuo kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Humo mtu haweki picha kwa ajili ya uzuri wake tu, bali anaweka ushahidi kwamba kiumbe fulani kilionekana mahali fulani, siku fulani. Watu wengine huitazama picha na kutoa maoni yao kuhusu jina la kiumbe hicho. Iwapo picha ina tarehe na mahali, kiumbe chenyewe ni cha porini, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wamekubaliana kuhusu aina yake, taarifa hiyo hupandishwa na kuwa ya daraja la utafiti. Taarifa za daraja hilo, zenye leseni inayoruhusu, hupelekwa katika GBIF, hazina ya kimataifa ya taarifa za viumbe ambayo makao yake yapo Copenhagen.

Tofauti ya maktaba hizi mbili ni muhimu. Mwalimu anayetafuta picha ya kuonyesha darasani ataanza na ile ya kwanza. Mwalimu anayetaka kujua jina la mdudu aliyeletwa na mtoto ndani ya kibiriti ataanza na ile ya pili.

Mfano wa kazi kubwa iliyofanywa kwa njia ya kushirikiana picha tunao hapa nchini. Kuanzia mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha Minnesota waliweka katika Serengeti kamera 225 zinazojifyatua zenyewe mnyama apitapo. Picha zilikuwa nyingi mno kwa watafiti wachache. Kwa hiyo mwezi Desemba 2012 ziliwekwa katika mtandao, na watu zaidi ya 28,000 waliojiandikisha, wengi wao wasiokuwa wanasayansi, wakasaidia kuzitambua. Picha zilizowashinda wataalamu kwa wingi wake ziliwezekana kwa sababu kazi iligawanywa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa nini Handeni na Korogwe

Wilaya hizi mbili zapakana, lakini maumbile yake yanatofautiana sana, na tofauti hiyo ni mali kwa mwalimu. Sehemu kubwa ya Handeni ni nchi ya miombo, migunga na vichaka, yenye ukame wa mara kwa mara. Korogwe ina bonde la mto Pangani, mashamba ya mkonge, na upande wa milimani kama Bungu na Vugiri ina misitu yenye unyevu iliyo sehemu ya milima ya Usambara. Milima hiyo ni miongoni mwa safu 13 za Tao la Mashariki, lianzialo Taita nchini Kenya na kuishia kusini mwa Tanzania, ambalo lina viumbe wengi wasiopatikana mahali pengine popote duniani.

Hapa pana jambo la kusikitisha kidogo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa upande wa Tanga, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la rangi ya zambarau limealo katika miamba yenye kivuli. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland alilipa jina la kisayansi lililotokana na jina la mtawala huyo, Saintpaulia. Leo ua hilo hupandwa katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani, na Wajerumani hulitaja kwa jina la Usambara. Lakini ni watoto wangapi wa Korogwe waliopata kuonyeshwa picha yake darasani na kuambiwa kwamba asili yake ni milima wanayoiona kila asubuhi?

Kadhalika yupo ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, wa jamii ya washonaji, aitwaye kisayansi Artisornis moreaui. Jina lake linamkumbuka Reginald Moreau, aliyefika Amani mwaka 1928 na kuwachunguza ndege wa Usambara kwa miaka mingi. Duniani kote ndege huyu anajulikana katika sehemu mbili tu: Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji. Mtu angeweza kumaliza shule katika mkoa wa Tanga bila kumsikia, ilhali wapo wageni wanaovuka bahari kuja kumtafuta.

Basi maktaba ya picha yaweza kutufaa kwa namna mbili. Kwanza, yaweza kurudisha darasani viumbe wetu ambao picha zao zimewekwa na wengine. Pili, yaweza kupokea kutoka kwetu yale ambayo wengine hawayajui. Mgeni huja kwa juma moja, wakati wa kiangazi, na kupiga picha za wanyama wakubwa. Mwalimu anaishi hapo mwaka mzima. Yeye ndiye auonaye mbuyu ukiwa mtupu, ukichipua, ukitoa maua na ukizaa. Tena yeye yumo miongoni mwa wazee wajuao jina la mti huo kwa Kizigua, Kisambaa au Kibondei na matumizi yake.

Namna ya kutumia picha darasani

Ieleweke tangu mwanzo kwamba picha si mbadala wa kiumbe. Ikiwa mwarobaini umesimama mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, hakuna haja ya kuonyesha picha yake. Wanafunzi watoke nje, waushike, waunuse majani na wauchore. Picha hutumika mahali ambapo jicho la mtoto haliwezi kufika: juu mno, ndani mno, mbali mno, usiku, au wakati mwingine wa mwaka.

Tuchukue mfano wa somo kuhusu uzazi wa ndege. Hondohondo wa misitu ya Usambara, yule mkubwa mwenye mashavu ya rangi ya fedha, hana budi kumvutia mtoto. Sauti yake na mvumo wa mbawa zake husikika kutoka mbali. Jike huingia katika tundu la mti mkubwa, na mlango huzibwa kwa udongo hata ukabaki ufa mwembamba. Dume huleta matunda, hasa ya mikuyu, na kumlisha jike kupitia ufa huo kwa majuma mengi. Somo laweza kuendeshwa kwa hatua zifuatazo:

(a) Mwalimu aulize: nani amemwona au kumsikia hondohondo? Wapi? Alikuwa akila nini? Majibu yaandikwe ubaoni bila kusahihishwa.

(b) Wanafunzi waonyeshwe picha ya ndege mzima. Waeleze umbo la mdomo na wabashiri kazi yake.

(c) Waonyeshwe picha ya dume akiwa mbele ya tundu. Mwalimu asieleze upesi. Aulize: yuko wapi jike? Kwa nini dume hakuingia ndani?

(d) Baada ya maelezo, wanafunzi wajadili swali moja: miti mikubwa ya zamani ikikatwa na kubaki midogo tu, hondohondo atazaa wapi? Na mbegu za matunda ayalayo zitasambazwa na nani?

(e) Kazi ya nyumbani iwe kumwuliza mzee mmoja jina la ndege huyo kwa lugha ya nyumbani, na maana ya sauti yake kwa wakulima, kama ipo.

Katika somo hili picha mbili tu zimetosha. Mwalimu anayeonyesha picha ishirini kwa dakika arobaini amefanya maonyesho, hakufundisha. Kila picha iwe na swali lake katika andalio la somo.

Shule isiyo na umeme haizuiwi kutumia njia hii. Mwalimu aweza kupakua picha chache akiwa mjini na kuzichapisha kwenye karatasi ngumu zitakazodumu miaka kadhaa. Akiwa na simu moja, aligawe darasa katika vikundi. Kikundi kimoja kitazame picha huku vingine vikichora au kuandika. Ipo pia programu iitwayo Kiwix, ambayo huwezesha kusoma Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili, bila intaneti baada ya kupakuliwa mara moja.

Namna ya kuchangia picha

Mwalimu aliyezoea kuchukua picha kutoka katika maktaba, siku moja atapenda naye kuweka yake. Hatua hizi zitamsaidia.

1. Kuchagua kiumbe. Aanze na vilivyo karibu: mti wa kiwanja cha shule, vipepeo wa bustani, magugu ya shamba la mahindi, ndege wa paa la darasa. Asidharau kilicho cha kawaida. Cha kawaida kwa Handeni si cha kawaida kwa ulimwengu.

2. Kupiga picha. Mti hautambuliki kwa picha moja. Zipigwe picha ya mti mzima, ya gome, ya jani upande wa juu na wa chini, ya ua na ya tunda. Mdudu apigwe kwa juu na kwa ubavu. Kando ya kitu kidogo iwekwe rula au sarafu ili ukubwa wake ujulikane. Mwanga wa asubuhi ni bora kuliko wa adhuhuri. Tawi lisikatwe kwa ajili ya picha, na ndege asifukuzwe kiotani. Wanafunzi watajifunza kutokana na mwenendo wa mwalimu kabla ya maneno yake.

3. Kuandika kumbukumbu. Liwepo daftari moja la darasa lenye safu hizi: namba ya picha, tarehe, kijiji, mazingira (mtoni, shambani, msituni), jina la nyumbani, jina la Kiswahili, jina la kisayansi, na aliyetoa jina hilo. Safu ya mwisho ni ya lazima. Mahali pengine jina moja la Kiswahili hutumika kwa miti miwili tofauti, na mti mmoja huwa na majina matatu. Jina la kisayansi likikosekana, safu iachwe wazi. Nafasi iliyo wazi ni afadhali kuliko jina la kubahatisha.

4. Kupakia. Faili lipewe jina lenye maana, mfano "Ua la mbuyu, Mkata, Handeni", wala si mfululizo wa tarakimu uliotolewa na kamera. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili sanifu. Wikimedia Commons hupokea maelezo ya lugha yoyote, na mwenye kujua Kiingereza aweza kuongeza maelezo ya lugha hiyo chini yake. Kisha picha iwekwe katika kundi la jina la kisayansi la kiumbe na la mahali. Picha isiyo na kundi ni kama kitabu kilichoachwa sakafuni mwa maktaba: kipo, lakini hakuna atakayekipata.

5. Kufuatilia. Baada ya siku chache mwalimu arudi kutazama. Pengine mtu wa nchi nyingine ameandika kwamba jina si sahihi. Marekebisho hayo yapelekwe darasani na kujadiliwa, maana humo ndimo mtoto aonapo jinsi elimu inavyopatikana kwa hoja na ushahidi.

Tofauti ya kiumbe cha porini na kilichopandwa nayo izingatiwe. Katika iNaturalist, mmea uliopandwa na mnyama afugwaye hutajwa hivyo, wala hawahesabiwi pamoja na wa porini. Mkonge wa mashamba ya Korogwe ni mfano mzuri. Mmea huu asili yake ni Mexico. Uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Mwanafunzi atakayeuliza "Je, mkonge ni mmea wetu?" amefungua mlango wa somo la jiografia, la historia na la sayansi kwa mara moja.

Masuala ya leseni

Walimu wengi hudhani kwamba picha iliyomo mtandaoni haina mwenyewe. Sivyo. Kila picha ina mwenyewe, naye ndiye atoaye ruhusa. Leseni zinazotumika zaidi ni zile za Creative Commons, ambazo za kwanza zilitolewa mwezi Desemba 2002. Mwalimu ajue angalau alama nne. BY humaanisha kwamba jina la mpiga picha lazima litajwe. SA humaanisha kwamba atakayeibadili picha na kuitoa, aitoe kwa leseni ileile. NC huzuia matumizi ya biashara. ND huzuia kubadilisha picha na kuitoa ikiwa imebadilishwa. Ipo pia CC0, ambayo mwenye picha huachilia haki zake zote.

Kwa hiyo chini ya picha iliyobandikwa ukutani mwa darasa iandikwe: jina la mpiga picha, jina la maktaba, na alama ya leseni. Mstari huu mmoja humfundisha mtoto uaminifu wa kitaaluma mapema kuliko hotuba yoyote.

Kwa upande wa kuchangia, pana uamuzi unaohitaji kufikiriwa. Wikimedia Commons haipokei picha zenye sharti la kuzuia biashara. Maana yake ni kwamba kampuni yaweza kuichukua picha ya mbuyu wako, ikaitia katika kalenda na kuiuza, mradi itaje jina lako na kutimiza masharti mengine ya leseni. Wapo watakaosema huo ni unyonyaji mpya. Wapo watakaosema kwamba bila uhuru huo hata mchapishaji wa vitabu vya shule, ambaye naye hufanya biashara, asingeweza kuitumia. Hoja zote mbili zina uzito. Kinachotakiwa ni mwalimu kuamua akiwa anajua, kwa sababu leseni hizi zikishatolewa haziwezi kufutwa kwa wale waliokwisha kuipata picha. Asiyetaka picha yake itumike kibiashara aiweke iNaturalist, ambako sharti la NC linaruhusiwa.

Tahadhari tatu

Ya kwanza ni usalama wa viumbe. Simu nyingi huandika ndani ya picha longitudo na latitudo za mahali ilipopigwa, hata kama mpigaji hakukusudia. Kwa picha ya kunguru hilo si neno. Lakini vinyonga, kobe na okidi wa milima yetu hutafutwa na wafanyabiashara, na picha yenye mahali kamili ni sawa na kumchorea mwizi ramani. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, lakini marufuku peke yake haimlindi kinyonga aliye katika tawi linalojulikana. iNaturalist huficha yenyewe mahali pa viumbe wengi walio hatarini: badala ya nukta kamili huonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya eneo la sehemu mbili za kumi ya digrii kila upande, yaani kama kilomita 22 kwa 22 katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta. Penginepo, kazi hiyo ni ya mwalimu mwenyewe: azime kipimo cha mahali katika kamera, na aandike jina la wilaya tu.

Ya pili ni haki za watoto. Picha za viumbe zisichanganywe na picha za wanafunzi. Sura ya mtoto, jina lake na shule yake visiwekwe mtandaoni kwa ajili ya kupamba kazi ya darasa. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwapo, mzazi hakumkabidhi mwalimu mtoto wake kwa kazi hiyo. Aidha, kwa kuwa wanafunzi hawatumii simu shuleni, na iNaturalist haiwaruhusu walio chini ya miaka 13 kujiandikisha wenyewe, akaunti na simu viwe vya mwalimu. Watoto wachague kiumbe, wapime, waandike na wabishane juu ya jina lake, mwalimu apakie.

Ya tatu ni ukweli wa picha. Siku hizi kompyuta zaweza kutengeneza picha ya mnyama ambaye hajapata kuishi, nayo ikaonekana halisi. Picha isiyo na tarehe, mahali wala jina la mpigaji isiingie darasani kama ushahidi. Hapo tunarudi kwenye karatasi za Amani: maelezo ndiyo yanayoipa picha thamani.

Matatizo ya utekelezaji

Haifai kuyafumbia macho matatizo. Vifurushi vya intaneti ni ghali kwa mshahara wa mwalimu, na katika vijiji vingine mtandao haupatikani ila juu ya kilima. Dawa iliyopo ni kugawana kazi. Walimu wa kata moja waweza kukusanya picha zao mwisho wa mwezi na kumpa mmoja wao azipakie anapokwenda mjini; kila picha ibebe jina la aliyeipiga na ridhaa yake ya leseni. Chuo cha ualimu nacho chaweza kuwa kituo: mwanachuo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha achukue picha za kufundishia, na arudipo alete daftari la viumbe wa kijiji alikofundisha.

Tatizo la pili ni lugha. Majina ya makundi katika maktaba hizi kwa kawaida ni ya Kiingereza au Kilatini, na anayetafuta "kinyonga" atapata picha chache kuliko zilizopo. Tatizo hili haliwezi kutatuliwa na mtu wa nje. Kila maelezo ya Kiswahili yaongezwayo chini ya picha humrahisishia kazi mwalimu atakayefuata, na kazi hiyo haihitaji kamera wala safari.

Tatizo la tatu ni muda. Baadhi ya walimu watasema kwamba muhtasari ni mrefu na mitihani haisubiri. Lakini kupima, kulinganisha, kuainisha na kuandika kumbukumbu ni stadi zilizomo katika somo la sayansi, hivyo kazi hii haiongezi mada mpya. Hubadili tu vitu ambavyo stadi hizo huzoezwa kwavyo.

Hitimisho

Maktaba ya picha mtandaoni si muujiza, wala haimfanyi mwalimu dhaifu kuwa hodari. Ni kabati kubwa ambalo mlango wake u wazi kwa anayechukua na kwa anayeweka. Iwapo tutachukua tu, tutaendelea kuwaona viumbe wetu kwa macho ya wapita njia. Iwapo tutaweka bila tahadhari, twaweza kuwadhuru haohao tunaotaka wafahamike. Njia ya mwalimu ni kuchukua kwa shukrani na kwa kutaja mwenyewe, na kuweka kwa uangalifu, kwa majina sahihi, na kwa lugha ambayo mtoto wake ataielewa.

Maswali ya majadiliano kwa wanachuo

1. Chagua mada moja ya viumbe hai. Taja viumbe vitatu vya kijiji chako vinavyoweza kufundishwa kwa kuonwa vyenyewe, na vitatu vinavyohitaji picha. Toa sababu.

2. Mwanafunzi ameleta habari za kinyonga mwenye pembe tatu aliyeonekana katika msitu karibu na kwao. Eleza ni taarifa zipi utakazozihifadhi katika daftari la darasa, na zipi utakazoziweka mtandaoni.

3. "Picha ya mbuyu wa kijijini ni mali ya kijiji, si ya aliyeipiga." Jadili kauli hii ukizingatia masharti ya leseni.

4. Andaa somo la dakika arobaini kwa kutumia picha zisizozidi mbili. Onyesha swali litakaloambatana na kila picha.